Hudi ya jikoni: nifuate nguvu ya mota au upana? Niliyonayo inavuma tu, moshi unabaki

Shubaka
Wakuu, salaam. Nakarabati chumba cha jiko na sasa nimefika kwenye hudi, yaani kile kifaa cha kuvuta moshi juu ya jiko. Chumba ni mita 4 kwa 3, dari iko mita 2.6, na upande mmoja uko wazi kuelekea sebuleni. Jiko ni la gesi, plati nne, upana sentimita 60, limeegemea ukuta wa nje. Hudi iliyopo ni ile bapa inayofungwa chini ya kabati. Ukiiweka spidi ya mwisho aliyeko sebuleni lazima aongeze sauti ya televisheni, lakini ukikaanga kitu kwenye plati ya mbele moshi unapita mbele ya hudi na kwenda zake sebuleni.

Dukani nimeona mbili. Ya kwanza ina upana wa sentimita 60, imeandikwa 1000. Ya pili ina sentimita 90, imeandikwa 700. Hoja yangu: ya 1000 ndiyo dawa, upana ni urembo tu. Asiyekubali aje na sababu.

Tanuru
Niko nawe. Mota kubwa unaweza kuipunguza spidi, mota ndogo huwezi kuiongeza nguvu. Nilitoka kwenye ya 400 nikaenda ya 900, tofauti ni usiku na mchana. Chukua ya 1000 ulale.

Kipimahewa
Kabla ya kulala tuulize: 1000 ya nini? Hewa inayovutwa wengine huiandika kwa mita za ujazo kwa saa, wengine kwa futi za ujazo kwa dakika. Futi 1 ya ujazo kwa dakika ni kama mita 1.7 za ujazo kwa saa. Kwa hiyo kama ile ya 700 ni futi, ni takriban mita 1190 kwa saa, na inaipita ile ya 1000 kama hiyo ni mita. Rudi ukasome maandishi madogo.

Halafu tupige hesabu. 4 × 3 × 2.6 ni mita za ujazo 31 na kidogo. Kanuni inayotumika sana ni kubadilisha hewa ya chumba mara 10 hadi 15 kwa saa, maana yake mita 312 hadi 468. Hata ukiongeza kidogo kwa sababu sebule iko wazi, zote mbili zinatosha kwa karatasi. Tatizo lako nadhani haliko kwenye mota.

Tanuru
Hiyo kanuni ya ujazo wa chumba siipendi. Moshi hautoki kwenye chumba kizima, unatoka kwenye jiko. Chumba kikiwa kikubwa mara mbili sufuria haitoi moshi mara mbili. Bora mupime kwa jiko lenyewe: huko Marekani wanapendekeza futi 100 kwa dakika kwa kila futi ya upana wa jiko lililo ukutani. Jiko la sentimita 60 ni kama futi 2, basi futi 200 kwa dakika, sawa na mita 340 kwa saa.

Kipimahewa
Naikubali hoja, ila angalia ulikofikia: 340. Umeingia mlemle kwenye 312 hadi 468. Bado 1000 haihitajiki.

BombaChuma
Mnabishana kuhusu mota na hakuna aliyeuliza bomba. Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya feni isiyo na kizuizi chochote mbele yake. Ukishaifunga kwenye bomba, kona, kifuniko cha nje na chujio lenye mafuta, namba hiyo huwezi kuiona tena.

Mleta uzi, tuambie: bomba lina kipenyo gani, ni la bati laini au lile la kukunjana kama akodioni, lina kona ngapi, na linatokea wapi?

Mkaa_Mweusi
Na je, lina bomba kweli? Hudi nyingi bapa za chini ya kabati hazitoi hewa nje. Zinaipitisha kwenye chujio la mkaa na kuirudisha usoni kwako.

Shubaka
Asanteni. @BombaChuma bomba lipo, ni la kukunjana, kipenyo milimita 100. Linapanda ndani ya kabati na kuingia darini. Baada ya hapo sijui. @Kipimahewa nimetazama picha niliyopiga: zote mbili ni mita za ujazo kwa saa.

BombaChuma
Mgonjwa huyo hapo. Bomba la milimita 100 lina eneo la sentimita 79 za mraba. La 150 lina 177, zaidi ya mara mbili. Kupitisha mita 600 kwa saa kwenye la 150 hewa inakwenda kama mita 9.4 kwa sekunde. Kwenye la 100 inabidi ikimbie mita 21 kwa sekunde. Upinzani hauongezeki kwa mara mbili bali kwa mara saba na zaidi, na hapo bado sijahesabu mikunjo ya akodioni. Mota inahangaika, hewa haiendi, na kelele unazosikia nyingi ni za hewa iliyobanwa.

Ukifunga mota ya 1000 kwenye bomba hilohilo utanunua kelele. Weka bomba la bati laini la 150, njia fupi, kona chache, na ikiwezekana toka moja kwa moja kwenye huo ukuta wa nje ulio nyuma ya jiko. Mabomba ya kukunjana nayang'oa kila mara, na ndani ya mikunjo hukuta mafuta yameganda. Hayo ni kuni, siku moto ukipanda toka kwenye kikaango.

Na hilo la "linaingia darini, baada ya hapo sijui" linanitisha. Panda uangalie.

Mama_Watatu
Shikamooni wakubwa, wengine hujambo. Naomba kuuliza kwa sisi wapangaji ambao hatuwezi kutoboa ukuta. Yangu ni hiyo ya mkaa anayosema Mkaa_Mweusi. Harufu inapungua, lakini vioo vya madirisha vinalowa kila nikipika. Je, nibadilishe mkaa?

Mkaa_Mweusi
Mkaa hauzuii mvuke, Mama. Chujio la wavu linashika mafuta, mkaa unashika harufu mpaka ushibe, na huwa unabadilishwa kila baada ya miezi michache kutegemea unavyopika. Mvuke na kaboni monoksaidi (gesi yenye sumu) vinarudi chumbani kama vilivyoingia. Kama unatumia gesi, maji mengine yanatoka kwenye moto wenyewe: kilo 1 ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji. Plati ya kilowati 2 ikiwaka saa nzima inatoa kama robo lita, hata usipoweka sufuria juu yake.

Kwako feni ndogo ya dirishani inayosukuma hewa nje itasaidia kuliko mkaa mpya. Hata dirisha wazi tu linasaidia.

Mama_Watatu
Maji yanatoka kwenye moto! Hiyo sikuijua. Ahsante sana.

Mwanzi
Bomba ni muhimu, sipingi. Lakini mnaruka swali la kwanza: moshi unaingia kwenye hudi au hauingii? Bomba linashughulika na kilichokwisha kuingia. Mleta uzi amesema moshi unapita mbele ya hudi. Haujafika hata kwenye chujio.

Feni ikipuliza, upepo wake unakwenda mbali. Ikivuta, nguvu inakufa karibu sana. Ukisogea kutoka kwenye tundu la kuvutia kwa umbali sawa na kipenyo cha tundu, kasi ya hewa inabaki takriban moja ya kumi. Ndiyo maana unaweza kuzima mshumaa kwa kuupulizia ukiwa mbali, lakini hakuna anayeuzima kwa kuvuta pumzi. Hudi haiufuati moshi ulikozaliwa. Moshi unapanda wenyewe kwa joto, unatanuka kadiri unavyopanda, na kazi ya hudi ni kuwa juu yake, kuupokea na kuushikilia mpaka feni iumalize.

Kwa hiyo umbo linakuja kabla ya mota. Hudi bapa haina tumbo la kushikilia moshi, na mara nyingi inaishia nusu ya kina cha jiko, plati za mbele zikabaki nje kabisa. Maabara ya Lawrence Berkeley ya huko California ilipima hudi zilizokwisha kufungwa majumbani, matokeo yakatoka 2012: nyingine zilikamata chini ya asilimia 15 ya moshi wa jiko, nyingine zaidi ya 98. Na plati za nyuma zilikamatwa vizuri kuliko za mbele. Pikia nyuma uone.

Ningekuwa mimi ningechukua ya sentimita 90, yenye kina kinachofunika plati za mbele na tumbo linaloonekana. Hiyo 700 inatosha na kubaki.

Tanuru
@Mwanzi mfano wa mshumaa umenishika, nakiri ni mzuri. Lakini ya kwangu ya 900 ni ya sentimita 60 na inakamata plati za mbele bila shida. Unaielezaje?

Mwanzi
Ina kina gani, na iko juu ya jiko kwa sentimita ngapi?

Tanuru
Kina 50, urefu kutoka kwenye jiko kama 65.

Mwanzi
Basi inafunika jiko karibu lote na iko karibu. Ile ya 400 ya zamani ilikuwaje?

Tanuru
Ilikuwa bapa... Najua unakokwenda. Lakini mota nayo ilibadilika! Huwezi kusema ni umbo peke yake.

Mwanzi
Sisemi hivyo. Nasema vilibadilika vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo ushahidi wako haumsaidii yeyote kati yetu.

Ngazi_ya_Juu
Hahaha, Tanuru kapelekwa mahakamani na hudi yake mwenyewe. Naweka kambi.

Gesi_Salama
@Tanuru kwa jiko la gesi 65 iangalie tena kwenye kijitabu cha hudi yako. Watengenezaji wengi hutaka 65 kwa umeme na 75 kwa gesi. Ukishuka sana chujio lenye mafuta linapata joto kupita kiasi, ukipanda sana moshi unatawanyika. Kijitabu kina neno la mwisho, fundi hana.

Nguzo
Nimesoma wote na naona mmesahau kitu kimoja: hewa inayotoka lazima ibadilishwe na nyingine inayoingia. Ukifunga milango na madirisha ukawasha hudi kubwa, inavuta chumba kisicho na pa kupumulia. Feni inazunguka, inavuma, hewa haisogei. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika Marekani zinataka njia ya hewa mbadala hudi ikizidi futi 400 kwa dakika, yaani mita 680 kwa saa, kama nyumba ina kifaa cha gesi au kuni kinachotoa moshi wake bila feni. Hudi zote mbili za mleta uzi zimevuka hapo.

Jaribio ni rahisi. Kaanga, hudi ikiwa spidi ya mwisho, kila kitu kimefungwa. Kisha fungua dirisha la chumba kingine. Moshi ukianza kuingia na mlio ukibadilika, umepata jibu bila kununua chochote.

BombaChuma
Chumba chake kiko wazi kuelekea sebuleni. Hewa ya nyumba nzima ipo hapo. Sikubali kwamba kinakosa pa kupumulia.

Nguzo
Sebule nayo imefungwa na nini? Madirisha ya kisasa yenye mipira pembeni hayapitishi hata unyoya. Nyumba kubwa iliyozibwa ni chupa kubwa tu.

BombaChuma
Hudi yenyewe ina bomba la milimita 100 la akodioni! Haitoi hewa ya kutosha kuikausha hata chupa ndogo. Hewa mbadala itakuwa tatizo siku akifunga kubwa, leo siyo.

Gesi_Salama
Hapo kwenye kufunga kubwa naomba msikilize kwa makini, hili si la ubishi. Kama ndani ya nyumba kuna hita ya maji ya gesi inayotoa moshi wake kwa bomba la kupanda lenyewe bila feni, au jiko la kuni lenye dohani, hudi yenye nguvu inaweza kuvuta hewa kupitia huko. Moshi wa hita unageuka na kurudi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Shubaka, unacho kifaa cha namna hiyo?

Shubaka
Hita ya maji ya gesi ipo, iko chumba cha kufulia, mlango wa pili kutoka jikoni. Bomba lake linapanda juu ya paa.

Gesi_Salama
Basi kabla ya kununua 1000 mwite fundi wa gesi aipime hita hiyo hudi ikiwa imewashwa na milango yote imefungwa. Weka pia king'ora cha kaboni monoksaidi. Hili kwangu linakuja kabla ya umbo, bomba na mota.

Induksheni_Tu
Au achana na gesi kabisa. Jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria yenyewe, halitoi moshi wa kuungua, joto linalopanda ni dogo, na hudi ya kawaida inatosha. Kwangu spidi ya kwanza inamaliza kazi.

Mwanzi
Joto dogo lina upande wa pili. Hewa isiyo na joto haipandi kwa nguvu, kwa hiyo mvuke unazurura. Na hudi yenyewe inabaki baridi, mvuke unageuka maji chini yake na kudondoka. Chembe ndogo za mafuta ya kukaangia zipo hata kwenye umeme. Hudi bado inahitajika.

Induksheni_Tu
Kudondoka kweli kunatokea. Nawasha mapema kabla ya kupika, kunapungua.

Karafuu
Ninyi mnafua vipi machujio? Langu la alumini nililoweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, mafuta yametoka nusu tu. Jirani anasema nitumie magadi makali ya kuzibua mabomba.

Mkaa_Mweusi
Usithubutu! Hayo magadi makali (kostiki) yanakula alumini, chujio litageuka jeusi na mwisho litatoboka. Maji ya moto sana, sabuni, loweka tena, brashi laini. Ukifua kila mwezi halifiki hali hiyo. Na lile la mkaa usilifue, labda kama limeandikwa linafulika.

Ngazi_ya_Juu
Kumbe machujio yanafuliwa kila mwezi. Natoka kidogo, nakwenda kuangalia langu.

Mama_Watatu
Kuhusu kelele, mtu anieleze. Moja imeandikwa desibeli 58, nyingine 68. Ni tofauti ya 10 tu, si ndogo?

Kipimahewa
Si ndogo. Kwa sikio, kila desibeli 10 zinazoongezeka ni kama sauti imezidi mara mbili. Na hakikisha zote zimepimwa kwa spidi ileile, kwa maana wauzaji hupenda kuandika kelele ya spidi ya kwanza na uvutaji wa spidi ya mwisho. Huko Ulaya hudi zina lebo ya nishati tangu 2015, na juu yake kuna kelele, daraja la umeme na jinsi inavyoshika mafuta. Hudi yenye lebo hiyo ni rahisi kuilinganisha.

Kelele si anasa. Hudi inayokera huzimwa, na hudi iliyozimwa haivuti chochote. Hapo ndipo ninapokubaliana kidogo na Tanuru: mota kubwa ikizungushwa taratibu huwa tulivu kuliko ndogo inayokimbizwa.

Tanuru
Nilisema tangu mwanzo! Mota kubwa unaipunguza.

Shubaka
Nimepanda darini. Bomba linakwenda kama mita mbili, limelala tumbo katikati, halafu linaishia hukohuko. Halijatoka nje. Mbao za karibu na mdomo wake zina rangi ya kahawia na zinanata. Nimejaribu pia jaribio la Nguzo: kufungua dirisha la chumbani kulibadilisha mlio kidogo, moshi wa plati za mbele ukaendelea kupita. Nilipohamishia kikaango nyuma, mwingi uliingia.

BombaChuma
Nilijua. Acha kuitumia leo. Mafuta na mvuke vinamwagwa kwenye mbao za paa: kuvu, kuoza, na moto. Aliyefunga hivyo hakustahili kushika bisibisi.

Mwanzi
Pole, mkuu. Pamoja na ubaya wa hilo bomba, angalia matokeo yako: bomba lilelile bovu, hudi ileile, plati za nyuma zinakamatwa na za mbele hazikamatwi. Hilo ni umbo.

BombaChuma
Au uvutaji ni dhaifu kiasi kwamba unafika nyuma tu. Ukiweka bomba sahihi huenda na mbele ikafika.

Nguzo
Na mlio ulibadilika alipofungua dirisha. Kidogo ni kidogo, lakini ulibadilika, tena kwa hudi isiyotoa kitu. Je, ya 700 yenye bomba zima itakuwaje?

Shubaka
Nimeizima, sasa napika dirisha likiwa wazi. Tuseme ukuta wa nje unatobolewa kwa bomba la 150 na hita inapimwa. Hudi ya 90 juu ya jiko la 60, si itazidi mno pembeni? Kabati za pande zote mbili itabidi zipunguzwe.

Mwanzi
Inazidi sentimita 15 kila upande, na hizo ndizo zinazopokea moshi uliotanuka. Kata kabati.

Tanuru
Kabati zikibaki pembeni zinafanya kazi ya kuta, zinauelekeza moshi juu. Chukua ya 60 yenye kina kirefu, usikate chochote.

Kipimahewa
Tanuru ana hoja hapo, kuta za pembeni kweli husaidia. Lakini zako zinaanzia usawa gani, Shubaka? Kama chini ya kabati kuko sawa na chini ya hudi, moshi unapita chini ya vyote viwili. Lete vipimo: kutoka juu ya jiko hadi chini ya kabati, na kina cha kabati. Pima na kina cha hizo hudi mbili dukani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwisha kukiuliza.